Dini Yako Nini? Jina na Imani Katika Milima ya Ukaguru

Mara ya mwisho Serikali ya Tanzania kumuuliza kila mtu dini yake kwenye sensa ilikuwa mwaka 1967. Sensa zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zimeuliza umri, ndoa, elimu na hali ya makazi, lakini dini haimo. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali hilo lirudishwe. Serikali ikakataa, na mjadala ukawa mkali. Kwa hiyo unapomsikia mtu akitaja asilimia ya Wakristo na ya Waislamu nchini, ujue namba hizo zimetoka kwenye makadirio au sampuli, kwa sababu watu wote hawajahesabiwa kwa dini zao kwa zaidi ya nusu karne.

Swali lenyewe, hata hivyo, halijaenda popote. Nenda polisi kuandikisha maelezo, utaulizwa jina, umri, kabila, dini, kazi na mahali unapoishi. Ukisimama mahakamani kama shahidi utaulizwa tena, ili karani ajue akupe Biblia au Kurani. Shuleni kikifika kipindi cha dini, darasa linagawanyika, hawa chumba hiki na wale chumba kile. Kila mahali linatakiwa jibu la neno moja. Sijawahi kumwona karani akisubiri maelezo marefu.

Zipo nchi ambako hesabu hiyo ni kazi ya kawaida ya dola. Denmark ni mfano mzuri. Katiba yao ya mwaka 1849 ililifanya Kanisa la Kilutheri kuwa kanisa la taifa, na mpaka leo idara ya takwimu inatangaza idadi ya wanachama wake. Ni karibu watu saba katika kila kumi. Wengi wao wanabatiza watoto, wanawapeleka kipaimara na kuzikwa na mchungaji, na wanalipa kodi ya kanisa, lakini Jumapili ya kawaida makanisa yana nafasi tele. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo ofisi ya kanisa ndiyo inayosajili vizazi, hata vya watoto ambao wazazi wao si wanachama. Mwanasosholojia wa Uingereza, Grace Davie, aliandika mwaka 1994 kuhusu Waingereza wanaoamini bila kujiunga. Watafiti wengi waliomsoma wakaona kwamba watu wa Skandinavia wanafanya kinyume chake: wamejiunga, na kuamini ni habari nyingine.

Nimewataja Wadenmark kwa sababu maneno hayo mawili, kujiunga na kuamini, ndiyo yanayonisumbua katika tasnifu yangu ya umahiri, na tasnifu hiyo inahusu mahali palipo mbali sana na Copenhagen. Inahusu Berega, wilayani Kilosa, pembeni mwa barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, baada ya Dumila na kabla ya Gairo. Wenye kupita kwa basi wanaijua kwa kibao cha hospitali ya misheni. Kwa Wakaguru ni zaidi ya hospitali. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mtu aliposema "Berega" aliweza kuwa anamaanisha kanisa, shule, dawa au dini yenyewe.

*

Kanisa halikuja Ukaguru kwa sababu mtu alikuwa na nia na Wakaguru. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliandika barua katika gazeti la Daily Telegraph akiwataka Waingereza wapeleke wamisionari kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Shirika la Kianglikana la CMS likaitika. Njia ya kwenda Buganda wakati huo ilikuwa ile ile ya misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo, iliyopanda milima ya Usagara na Ukaguru kabla ya kushuka Ugogo. Shirika lilihitaji vituo vya njiani. Cha kwanza kikawa Mpwapwa, katika miaka ya 1870, na karibu na mwaka 1880 kikafuata Mamboya, juu ya milima ya Ukaguru. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 Berega nayo ilikuwa kituo, na baadaye ikawa ndiyo makao ya misheni katika nchi hiyo.

Wamisionari hawakukuta nchi isiyojua dini nyingine za mbali. Njia ya misafara ilikuwa njia ya Uislamu pia. Sultani Barghash wa Zanzibar aliweka askari wake Mamboya mwanzoni mwa miaka ya 1880, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita na kukaa tangu zamani zaidi. Wala hawakukuta nchi isiyojua Mungu. Mulungu ni jina ambalo Wakaguru na majirani zao Wagogo walikuwa nalo kabla hakujajengwa kanisa hata moja, na kanisa likalichukua kama lilivyo. Chini ya Mulungu, na karibu zaidi na maisha ya kila siku, walikuwapo wahenga wa ukoo, ambao ukoo kwa Wakaguru hufuata upande wa mama. Mvua ikichelewa au ugonjwa ukikataa kupona, wazee walikwenda makaburini kufagia, kumwaga pombe na unga, na kuzungumza na waliolala pale.

J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru mjini London mwaka 1886. Wapo wenzake ambao kazi yao ilipungua kwa homa au kifo. Matunda yalikuwa machache. Miaka ilipita na waliobatizwa wakabaki watu wa kuhesabika, wengi wao wakiwa wale walioishi karibu na kituo au waliofanya kazi ndani yake. Halafu, hatua kwa hatua, shule ikabadilisha mizani. Mtoto aliyetaka kusoma alisoma kwa misheni, na aliyesoma kwa misheni alifika mahali akaulizwa habari ya ubatizo. Akatoka na jina jipya, na jina hilo likaingia kwenye daftari.

Ramani nayo ilifanya kazi yake. Katika milima ya Nguru, kaskazini mashariki, mapadre Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walikuwa Mhonda tangu 1877, na mwaka 1882 wakafika Morogoro. Mtoto aliyezaliwa upande ule akawa Mkatoliki, aliyezaliwa Berega akawa Mwanglikana, na aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, baada ya reli ya kati kufika, akajikuta katikati ya Waislamu kutoka kila pembe ya nchi. Hakuna aliyekaa chini akalinganisha mafundisho ya Roma na ya Canterbury. Mto, mlima na stesheni ya reli viliamua, na watu wakajenga maisha yao ndani ya uamuzi huo.

*

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba Ukristo wa Berega ulikuwa wa shule na dawa, basi. Historia haikubali. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza na kuwaweka kizuizini, kwanza Kiboriani karibu na Mpwapwa na baadaye Tabora. Waliwakamata pia walimu Waafrika wa misheni kwa kuwashuku kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wengi waliteswa vibaya, na walioishi waliachiwa Wabelgiji walipoiteka Tabora mnamo Septemba 1916. Mtu aliyeingia dini kwa ajili ya kujua kusoma alikuwa na kila sababu ya kuikana wakati huo. Walimu hao hawakuikana, na waliporudi walifungua makanisa wenyewe, kwa muda mrefu bila Mzungu wa kuwaongoza. Mwaka 1927 ilipoundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, chini ya Askofu George Chambers na wamisionari kutoka Australia, walikuta kanisa ambalo Waafrika ndio walikuwa wamelilinda.

Wamisionari wa CMS walikuwa watu wa injili ya moyoni. Walitaka kila mtu aamini yeye mwenyewe, ndani, na badiliko lionekane. Lakini moyo haufunguliwi ukakaguliwa, kwa hiyo wakakagua vinavyoonekana: pombe, ngoma, jando, matambiko, mke wa pili. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni nyingine ya Kianglikana, UMCA, alichukua jando na kulivika sala za kanisa. Huku Ukaguru hilo halikukubaliwa. Aliyeonekana kwenye pombe ya mazishi au aliyeoa mke wa pili alitengwa. Jina lake halikufutwa kwenye daftari la ubatizo, maana ubatizo haufutiki, lakini Meza ya Bwana ilifungwa kwake.

Hapo ndipo lilipozaliwa kundi ambalo takwimu haziwezi kulikamata. Ni wanaume waliokaa benchi la nyuma miaka thelathini, wakiimba nyimbo zote kwa kichwa, wakitoa sadaka na kubeba mawe ya ujenzi, wakabatiza watoto wote wa nyumba zote mbili, na kila Ushirika Mtakatifu ulipoanza wakabaki wameketi. Ni wanawake waliotengwa kwa sababu ya uamuzi wa waume zao. Mwanaantropolojia wa Marekani T. O. Beidelman, aliyefika Ukaguru mwaka 1957 na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya misheni ya CMS katika nchi hiyo, alionyesha jinsi umbali kati ya walichotaka wamisionari na walichoishi waumini ulivyokuwa mkubwa. Mimi ninaposoma habari hizo siachi kujiuliza: yule wa benchi la nyuma tumweke wapi? Amejiunga? Anaamini? Karani anasubiri neno moja.

*

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika mazishi ya mjomba, kaka wa mama wa tumbo moja, katika kijiji kimoja cha Kilosa. Kwa watu wa ukoo wa mama, mjomba si ndugu wa pembeni. Yeye ndiye mwenye neno. Mjomba huyu alibatizwa akiwa mwanafunzi wa misheni. Baadaye alikwenda mashamba ya mkonge, akaoa mke wa pili, Mwislamu, na huko kazini wenzake wakampa jina la Kiislamu ambalo aliliitikia mpaka uzee. Akatengwa na kanisa, lakini hakuacha kwenda. Na kila mwaka kabla ya mvua alikuwa na siku yake ya kupotea nyumbani asubuhi na jembe, akarudi mchana bila kueleza alikokuwa. Kila mtu alijua kwamba alikuwa makaburini kwa wazee.

Mwili ukiwa ndani, wazee walikaa chini ya mwembe kuamua nani amzike. Katekista alisema jina limo kwenye daftari, ila marehemu alikuwa ametengwa, hivyo ibada kamili ya maziko haitawezekana. Shehe, mtu mpole, alisema wao walimpenda sana mzee na walikula naye futari kila Ramadhani, lakini hawajamsikia akitoa shahada. Kila upande ulikuwa na heshima, na kila upande ulikuwa umekwama. Jua likaanza kuinama.

Waliotuokoa ni watani. Kwa Wakaguru, kama kwa jirani zao, mazishi ni kazi ya watani: wao ndio wenye ruhusa ya kusema lisilosemeka, kumsimanga marehemu na kuwachekesha wafiwa. Mmoja wao alisimama na jembe begani akasema, "Mzee huyu alikuwa na dini tatu na sisi tuna jembe moja. Mwacheni tumzike, akifika huko watagawana wenyewe." Watu wakacheka, wengine huku wanalia. Kaburi likachimbwa na vijana wa pande zote. Ndugu wa mke wa pili walileta sanda. Katekista aliomba, bila kanzu na bila kitabu, kama jirani. Shehe akaomba dua. Watu walipokwisha kutawanyika mama yangu mkubwa alibaki peke yake na bakuli la maji yenye unga.

Sikumwona mtu yeyote pale aliyedhani kwamba sala moja inaivunja nyingine. Wala sikuona mzaha kwa Mungu. Watu wale walimwombea mzee wao kwa kila mlango waliokuwa na ufunguo wake.

*

Wamisionari walikuwa na jina la kumwita mtu kama mjomba wangu: Mkristo wa jina. Jina hilo lilipata nguvu zaidi pale Uamsho wa Afrika Mashariki ulipofika. Uamsho huo ulianzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa ile ya 1930, ukavuka mipaka, na katika miaka ya 1940 ulikuwa unatikisa makanisa ya Tanganyika ya Kati. Walokole hawakuuliza "Dini yako nini?" Waliuliza "Umeokoka?" Hilo ni swali lingine kabisa. Jibu lake halikuwa kwenye daftari la kasisi. Lilitolewa mbele ya watu, kwa kuungama dhambi kwa kuzitaja, kurudisha kilichoibwa, kumwomba msamaha mke. Mzungu naye aliweza kuulizwa. Katika utawala ambao mweusi alimwita mweupe bwana, walokole waliitana ndugu, na mwalimu wa kijiji aliweza kumwambia mmisionari kwamba bado hajatembea nuruni.

Uamsho ndio uliolipa kanisa la Morogoro viongozi wake wa kwanza. Yohana Omari, ambaye jina lake la pili linatukumbusha kwamba alizaliwa katika familia ya Kiislamu, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi mwaka 1955 katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, akiwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa askofu wa Kianglikana. Alifariki mwaka 1963. Dayosisi ya Morogoro ilipoanzishwa mwaka 1965, askofu wake wa kwanza akawa Gresford Chitemo, mwana wa Ukaguru na mtu wa Uamsho. Ndani ya kizazi kimoja, wale waliohojiwa kama wameamini sawasawa ndio wakawa wenye kuhoji.

Ninauheshimu Uamsho. Uliwapa watu wa kawaida sauti, na ulitoa hoja nzito kwamba dini ya kurithi haitoshi. Lakini ulituachia pia mgawanyo ambao sisi wanafunzi wa historia tumeurithi bila kuuchunguza. Tunawahesabu walokole kama waumini, na wengine wote tunawaweka katika kapu la Wakristo wa jina, kana kwamba jina ni kitu chepesi.

Katika Ukaguru jina halijawahi kuwa jepesi. Kwa mawazo ya zamani mtoto mchanga hutoka kwa wahenga, na jina analopewa linamfunga na mmoja wao. Kumpa mtu jina ni kumwambia ni wa nani, nani atamlilia, nani ana haki ya kumkemea na nani atamchimbia kaburi. Kijana aliyekubali kuitwa Yohana au Mariamu pale Berega aliongeza jamaa: wazazi wa ubatizo, wenzake wa kipaimara, kanisa zima lililojibu "amina". Hilo ni tendo la imani, ingawa si imani ya aina ambayo mmisionari alikuwa anaitafuta. Ndiyo maana hata waliotengwa hawakuondoka. Mtu haondoki kwenye ukoo kwa sababu ameadhibiwa.

Kwa hiyo ule mgawanyo wa Ulaya haunitoshi. Kwa Mdenmark wa kawaida, kama wasemavyo watafiti, jina limebaki na imani imepungua. Kwa watu wa Berega wa karne iliyopita, jina lilikuwa moja na imani zilikuwa nyingi: Mulungu, Yesu, wahenga, hofu ya wachawi, dawa ya hospitali, na kwa walioishi karibu na reli, baraka za dua ya shehe. Vitu hivi vilikaa nyumba moja, mara nyingine kwa amani na mara nyingine kwa ugomvi. Mtafiti akiandika tu "Mwanglikana" amesema kweli, na ameacha karibu kila kitu nje.

*

Mambo yamebadilika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, na tangu hapo kusoma hakukutaka ubatizo. Vijiji vya Ujamaa katika miaka ya 1970 viliwaleta pamoja watu waliokuwa wametawanyika mabondeni na milimani, wa dini tofauti, kwenye mtaa mmoja. Leo makanisa ya Kipentekoste yana vipaza sauti vyao, misikiti ina yake, na kijana wa Kikaguru anaweza kuhama kanisa mara tatu kabla hajaoa. Berega haina tena haki ya kuamua dini ya mtu kwa kuwa tu amezaliwa karibu nayo.

Daftari hata hivyo linaendelea na kazi. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, anapotaka kusajiliwa na RITA, anaweza kuonyesha cheti chake cha ubatizo kama ushahidi. Hapo tumekutana na Wadenmark bila kutaka: kanisa limeishikia Serikali kumbukumbu za vizazi, na mtu anathibitisha kuwa amezaliwa kwa karatasi iliyoandikwa ili kuthibitisha kuwa amezaliwa mara ya pili.

Daftari la ubatizo lina safu chache: tarehe, jina, wazazi, wadhamini, mahali, aliyebatiza. Hakuna safu ya sababu. Nimeamua katika tasnifu yangu nisiijaze safu hiyo kwa niaba ya marehemu. Nitaandika walichofanya: waliobatizwa na waliotengwa, waliorudi Meza ya Bwana na waliobaki benchi la nyuma, waliofagia makaburi kabla ya mvua. Msimamizi wangu ataniuliza, kama alivyokwisha kuniuliza, niwaweke katika kundi gani. Nitamwonyesha orodha ya vitendo vyao, na chini yake majina yao yote, ya ukoo, ya ubatizo na ya kazini.